Dkt. John Williamson wa Mwadui: Je, Historia Yaweza Kulionesha Taifa Kesho Yake?



Waamini wengi wa majimbo ya Shinyanga na Geita wanaishi juu ya ardhi iliyobeba dhahabu na almasi, na wapo wanaojiuliza katika jumuiya ndogo ndogo, mashambani na pembezoni mwa mashimo ya wachimbaji wadogo: madini haya yatakapokwisha, watoto wetu watakuwa katika hali gani? Swali hilo lina uzito kwa kila familia, na lina uzito kwa taifa zima. Wengine hulipeleka kwa wapiga ramli. Wengine hulifunga kwa kusema kwamba kesho ni ya Mungu, hivyo hapana haja ya kujisumbua. Ipo njia nyingine ambayo Mama Kanisa ametufundisha daima, nayo ni kuyatazama yaliyopita kwa akili timamu na kwa jicho la imani, ili tupate busara ya kutenda leo.

Kwa sababu hiyo tunayasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake lingali likitajwa Shinyanga ijapokuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1958. Huyo ni Dkt. John Thoburn Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, mwanzilishi wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Hakuwa mtakatifu, wala hatumweki mbele ya wasomaji kama mfano wa utauwa. Tunamsimulia kwa sababu kazi yake ilikuwa kutabiri: aliyasoma mawe yaliyokwisha kutulia ardhini kwa mamilioni ya miaka, akatangaza mahali ambapo hazina ingeonekana. Je, sisi nasi twaweza kuisoma historia kama yeye alivyousoma mwamba?

Kijana wa Quebec

Williamson alizaliwa tarehe 10 Februari 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alisoma jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, akaendelea hadi kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Ilikuwa miaka migumu. Uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu mwaka 1929, na kijana msomi hakuwa na hakika ya kazi hata katika nchi yake mwenyewe. Alikuja Afrika, akafanya kazi kwa muda katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha katikati ya miaka ya 1930 akaingia Tanganyika kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi katika eneo la Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mabuki haikuwa na almasi nyingi. Kampuni ilikata tamaa na kuazimia kufunga kazi. Waajiri wake waliitazama historia fupi ya mgodi huo, wakahitimisha kwamba Usukumani hakuna almasi za kutosha. Williamson aliitazama historia ileile, akahitimisha kinyume: ikiwa chembe chache zimeonekana, basi mahali fulani upo mwamba mama uliozitoa. Akachukua haki za utafutaji zilizokuwa zikiachwa, akabaki.

Hapa pana fundisho la kwanza. Mambo yaliyopita hayasemi yenyewe. Watu wawili huona alama zilezile, na mmoja akafunga virago huku mwenzake akiendelea kuchimba. Tofauti yao imo katika maswali wanayoyauliza, na katika uvumilivu wa kuyafuata.

Miaka ya kutafuta

Kwa miaka kadhaa Williamson alizunguka katika tambarare za Usukuma akifuata madini madogo madogo ambayo kwa kawaida huandamana na mwamba wa kimbalaiti, mwamba uzaao almasi. Fedha zilimwishia mara nyingi. Aliyemsaidia kwa mikopo na ushauri wa kisheria alikuwa I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, ambaye baadaye alikuwa mshirika wake katika kampuni. Waliomsaidia kwa nguvu za mikono walikuwa wenyeji wa vijiji alivyopita. Wao walizijua njia, walijua maji yalipo, walichimba mashimo ya majaribio na kuchekecha mchanga siku nzima juani. Katika vitabu jina la Mkanada limeandikwa kwa herufi kubwa, lakini majina ya wenyeji hao ni nadra kuonekana. Anayetaka kujifunza kutokana na historia yampasa akumbuke daima kwamba sehemu yake kubwa haikuandikwa.

Mwezi Machi mwaka 1940, mahali paitwapo Mwadui, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kishapu, utafutaji ulifikia mwisho wake. Chini ya udongo wa kawaida ulikuwepo mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la takriban hekta 146 usoni pa nchi. Hadi leo hesabiwa miongoni mwa miamba mikubwa kabisa ya aina hiyo kupata kuchimbwa duniani. Wafugaji walikuwa wamepitisha ng'ombe wao juu yake kwa vizazi vingi.

Mji ndani ya uzio

Kampuni ya Williamson Diamonds iliundwa mwaka 1942. Vita Kuu ya Pili ilikuwa ikiendelea, na almasi zilihitajiwa sana viwandani kwa kukatia na kuchongea vyuma. Mgodi ulianza kwa zana duni na mikono mingi, ukakua haraka. Baada ya vita Mwadui ilikuwa mji kamili wenye uzio, walinzi, nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali, umeme na maji. Nje ya uzio maisha ya Usukuma yaliendelea kama kawaida: mifugo, mtama, mahindi, na pamba iliyouzwa kwa bei ambayo mkulima hakuipanga.

Mwezi Oktoba 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa kuwa zawadi ya arusi kwa Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwezi Novemba mwaka huo. Baada ya kukatwa ilibaki na uzito wa karati 23.6, na mwaka 1953 ikapachikwa katika kipambo chenye umbo la ua. Jiwe lililotoka katika udongo wa Kishapu limepigwa picha kifuani pa Malkia mara zisizohesabika, na wengi waliolitazama hawakupata kujua lilitoka wapi.

Williamson alikuwa tajiri mkubwa, lakini aliishi Mwadui kwenyewe, hakuoa, na alijulikana kuwa mtu wa upweke na mwenye msimamo. Wakati biashara ya almasi duniani ilipokuwa mikononi mwa De Beers na washirika wake, alishindana nao juu ya bei na kiasi cha kuuza, na kwa kipindi fulani alizizuia almasi zake hadi walipoafikiana. Mtu mmoja katika pori la Shinyanga alithubutu kubishana na wenye soko la dunia, kwa kuwa alijua thamani ya kitu alichokuwa nacho. Hilo nalo tulikumbuke, kwa maana katika historia ya madini yetu udhaifu mkubwa umekuwa mara nyingi kuuza tusichokijua kwa bei tusiyoipanga.

Januari 1958

Mwanzoni mwa mwezi Januari 1958 Williamson alifariki kwa ugonjwa wa saratani, kabla ya kutimiza umri wa miaka 51. Kwa hesabu za wakati ule, kifo hicho kilikuwa habari kubwa kuliko zote katika Shinyanga. Watu walijiuliza nani atarithi, mgodi utauzwa kwa nani, ajira zitakuwaje.

Lakini mwezi huohuo, kusini mwa Shinyanga, katika mji wa Tabora, wajumbe wa chama cha TANU walikutana kujadili kama washiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Wengi waliona sharti hilo ni tusi. Julius Nyerere, Mkatoliki aliyekuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo, aliwashawishi wakubali kushiriki, na uamuzi huo ulifupisha safari ya uhuru. Katikati ya mwaka huohuo serikali ya kikoloni ilipojaribu kuweka Geita baraza la mseto wa rangi, wananchi walikataa, umati ukaenda hadi Mwanza kupeleka malalamiko, na mpango ukaachwa. Watawala walikuwa wamekadiria kwamba Usukuma, ambako matawi ya TANU yalizuiwa tangu mwaka 1954, ungetulia. Tarehe 9 Desemba 1961, miaka isiyotimia minne baada ya kifo cha Williamson, Tanganyika ilikuwa nchi huru.

Tafakari jambo hili, ewe msomaji. Aliyetaka kuitabiri kesho ya nchi kwa kuutazama mgodi peke yake, mashine zake, fedha zake na uzio wake, asingeiona kabisa. Kesho ilikuwa ikijengwa mahali pengine, katika mioyo na mikutano ya watu ambao takwimu za wakati ule hazikuwahesabu. Historia huwaumbua wale wanaotazama nguvu zinazoonekana tu.

Mgodi baada ya mwenyewe

Warithi wa Williamson waliuza mgodi mwaka huohuo wa 1958, na umiliki ukagawanywa nusu kwa nusu kati ya De Beers na serikali ya Tanganyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika siasa ya Ujamaa, mgodi ulitaifishwa. Mitambo ilichakaa na uzalishaji ukashuka. Mwaka 1994 De Beers walirudi wakiwa na asilimia 75, serikali ikibaki na asilimia 25. Mwaka 2009 sehemu hiyo kubwa ilichukuliwa na kampuni ya Petra Diamonds. Mwaka 2017 serikali ilizuia katika uwanja wa ndege wa Dar es Salaam shehena ya almasi ikidai thamani yake ilipunguzwa katika makaratasi. Mwaka 2021 kampuni ilifikia suluhu na watu waliodai kuteswa na kujeruhiwa na walinzi ndani ya eneo la mgodi. Mwezi Novemba 2022 kingo za bwawa la tope zilibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za wanakijiji.

Dhahabu ya Geita ina simulizi inayofanana na hiyo. Wajerumani waliiona mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa zama za Waingereza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwaka 1966, ukafungwa, na kwa zaidi ya miaka 30 waliobaki hapo ni wachimbaji wadogo. Mwaka 2000 mgodi wa kisasa ulifunguliwa chini ya sheria ya madini ya mwaka 1998, ambayo iliitoza dhahabu mrabaha wa asilimia 3 tu. Mgodi wa Golden Pride wa Nzega ulifungwa mwaka 2013, na ule wa Buzwagi, Kahama, uliofunguliwa mwaka 2009, ulikoma kuchimba mwaka 2021. Katika maeneo mengine, kama Nyarugusu na Rwamgasa, vijana na akina mama wanaendelea kuchimba na kuosha kwa zebaki, wakipata riziki ya leo na kuhatarisha afya ya kesho.

Mambo haya yakipangwa pamoja, mfululizo fulani huonekana. Kila mgodi huwa na mwisho. Bei huamuliwa mbali. Utajiri hutoka upesi pale sheria inapokuwa dhaifu na mikataba inapokuwa siri. Na kinachobaki baada ya mashine kuondoka ni kile kilichojengwa ndani ya watu na katika ardhi yao: elimu, ujuzi, afya, maji safi, au kinyume chake, mashimo na sumu. Katika mambo haya manne historia ina uwezo wa kusema mapema, na anayeyapuuza hatakuwa na udhuru.

Mbona Botswana ilikwenda njia nyingine?

Hata hivyo mfululizo huo si amri ya lazima. Botswana ilipata uhuru mwaka 1966, ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani. Mwaka uliofuata almasi zilionekana Orapa, na mchimbaji alikuwa kampuni ileile ya De Beers. Baadaye serikali yake na kampuni hiyo ziligawana umiliki nusu kwa nusu, mgawanyo uleule uliokuwepo Mwadui mwaka 1958. Almasi zilikuwa katika ardhi ya Wabamangwato, kabila la Rais Seretse Khama mwenyewe, lakini aliridhia haki za madini ziwe mali ya taifa zima. Fedha zilipelekwa kwa kiasi kikubwa katika shule, barabara na zahanati, na mwaka 1994 nchi ilianzisha mfuko wa kuweka akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo. Botswana nayo ina matatizo yake, tena leo inaumizwa na kushuka kwa soko la almasi za asili. Lakini jiwe lilelile na mshirika yuleyule vilizaa matokeo tofauti, kwa sababu watu waliamua tofauti.

Hapa ndipo historia inapoachana na jiolojia. Mwamba hauna hiari. Alama alizozifuata Williamson zilikuwa zimetulia zikimngoja, na mwamba haukuweza kubadili nia. Mwanadamu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu, amepewa uhuru, na neema ya Mungu yaweza kumgeuza hata jioni ya maisha yake. Kwa hiyo hakuna hesabu ya mambo yaliyopita itakayoweza kumfunga. Anayesema kwamba Afrika imelaaniwa na madini yake, na kwamba daima itaibiwa, anasahau uhuru huo. Anayesema kwamba tutaendelea bila shaka kwa kuwa tuna dhahabu nyingi, anausahau vilevile.

Ramli, Yona na Yusufu

Katika ukanda wetu neno hili linagusa maisha na kifo. Wapo wachimbaji wanaokwenda kwa waganga kutafuta bahati ya mshipa wa dhahabu, na sote twajua uovu uliotendeka katika Kanda ya Ziwa kwa sababu ya imani hizo: ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, akina bibi vikongwe waliuawa kwa kushukiwa uchawi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataza aina zote za kupiga ramli, kwa kuwa anayezitumia anataka kuyatawala majira na watu wengine, na anamnyima Mungu heshima inayomstahili yeye pekee. Mpiga ramli huahidi hakika pasipo toba wala kazi. Historia ikisomwa vema haiahidi hakika. Inatuwekea mbele matokeo ya matendo, kisha inatuachia wajibu.

Maandiko Matakatifu yanatupa mifano miwili ya kutabiri kwa haki. Wa kwanza ni nabii Yona. Aliutangazia mji wa Ninawi kwamba baada ya siku 40 utaangamizwa. Watu wakasikia, wakafunga, kuanzia mfalme hadi wadogo, wakaiacha njia yao mbaya, na maangamizi hayakuja. Yona alikasirika kwa kuwa utabiri wake haukutimia, lakini Mungu alifurahi kwa sababu hiyohiyo. Utabiri ulikuwa umefanya kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa mwanahistoria mwaminifu anayetuonya juu ya migodi iliyofungwa na vijiji vilivyoachwa: heri tukimsikiliza, na maneno yake yasitimie.

Mfano wa pili ni Yusufu kule Misri. Alifasiri ndoto ya Farao, akaona miaka saba ya shibe na saba ya njaa, na hakuishia katika kufasiri. Alitoa mpango: sehemu ya tano ya mavuno iwekwe ghalani wakati wa neema. Watu wakapona. Lakini tusiache kusoma hadi sura ya 47 ya Kitabu cha Mwanzo. Hapo twaona kwamba njaa ilipozidi, watu walitoa fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, na mwishowe nafsi zao kwa Farao, ili wapate nafaka iliyowekwa. Utabiri ulikuwa sahihi, akiba ilikuwepo, lakini funguo za ghala zilikuwa mkononi mwa mmoja. Taifa laweza kuijua kesho yake na bado likawa na watumwa, endapo halitauliza pia akiba ni ya nani.

Yatupasayo leo

Jimbo la Shinyanga lilipewa askofu wake wa kwanza, Mhashamu Edward McGurkin wa shirika la Maryknoll, mwaka 1956, wakati Williamson angali hai. Jimbo la Geita liliundwa mwaka 1984, na askofu wake wa kwanza, Mhashamu Aloysius Balina, baadaye aliliongoza Jimbo la Shinyanga hadi kifo chake mwaka 2012. Hivyo Kanisa limeishi katika ardhi hii ya madini kwa muda wa kutosha kuwa na kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo ni mali ya waamini wote, na inatudai mambo kadhaa.

Kwanza, wazee wetu waliofanya kazi Mwadui, Geita na kwingineko wasikilizwe kabla hawajatwaliwa na Bwana. Vikundi vya vijana katika parokia vyaweza kuandika masimulizi yao: waliishije, walilipwa nini, mgodi ulipofungwa walifanyaje. Kijiji kinachojua habari zake hakidanganyiki kwa urahisi mbele ya meza ya fidia.

Pili, waamini washiriki mikutano ya kijiji na ya halmashauri. Sheria zinatoza mrabaha kwa dhahabu na almasi, na halmashauri hupata ushuru wa huduma kutokana na mauzo ya mgodi. Mwananchi ana haki ya kuuliza fedha hizo zilijenga darasa gani na kisima kipi. Kuuliza si uasi. Ni sehemu ya upendo kwa jirani, kama Mafundisho ya Kanisa kuhusu Jamii yanavyotuelekeza.

Tatu, mtoto asitolewe shuleni kwenda machimboni. Katika mambo yote ambayo simulizi la Mwadui linatuonesha, hili ni wazi kuliko mengine. Williamson alifika Usukuma bila fedha, akiwa na elimu. Almasi zilikuwa chini ya miguu ya wengi, lakini aliyeweza kuziona ni yule aliyefundishwa kuusoma mwamba. Mzazi anayemwacha kijana wake aende kuchekecha mchanga akiwa na miaka 12 anauza mwamba mama ili apate chembe.

Nne, familia na vikundi vya wachimbaji viweke akiba na kuianzishia kazi nyingine, kilimo, ufugaji au ufundi, wakati mfuko ungali na kitu. Kahama imeanza kuligeuza eneo la Buzwagi kuwa kanda maalumu ya kiuchumi baada ya mgodi kufungwa. Ni jaribio jema, na mwisho wake utategemea uaminifu wa wanaolisimamia. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, ametukumbusha kwamba dunia tumeipokea ili tuwape wanaokuja baada yetu. Mchimbaji anayeacha shimo wazi au kumwaga zebaki mtoni anatumia sehemu isiyokuwa yake.

Kwa kuhitimisha

Je, basi, historia yaweza kuitabiri kesho ya taifa? Yaweza kutuonesha njia ambazo wengine walipita na mahali zilipowafikisha. Yaweza kutuambia kwamba tukipanda uzembe tutavuna majuto. Haiwezi kutuambia siku wala saa, wala haiwezi kujua ni moyo gani utaguswa na Roho Mtakatifu ukageuka. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitualika kuzichunguza alama za nyakati na kuzifasiri katika mwanga wa Injili. Mwaliko huo si kwa maaskofu na wasomi peke yao. Ni kwa kila mbatizwa wa Kishapu, Kahama, Nyang'hwale na Geita.

Dkt. Williamson aliutafuta mwamba kwa miaka mingi, akaupata, akafariki akauacha kwa wengine. Kristo Bwana alitufundisha habari ya mtu aliyejenga ghala kubwa zaidi, naye usiku huohuo roho yake ikatakiwa. Hazina ya Shinyanga na Geita tumekabidhiwa kwa muda. Tumwombe Mwenyezi Mungu atupe kumbukumbu nyofu, viongozi waadilifu na moyo wa toba, ili watakaoisimulia habari yetu miaka 60 ijayo wawe na sababu ya kushukuru.